Nyumba nne kwenye mlima mmoja Mkoani: maoni yangu kuhusu hii ofisi ya ramani ya Chake

Kwa wale mnaoniuliza inboksi, haya ndo maoni yangu kamili kuhusu hii ofisi ya Chake Chake, hapa Pemba, inayochora ramani za nyumba, na nasema mapema kwamba nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja nliyowakata nna sababu nayo ntaieleza huko chini. Kazi tuliyowapa haikuwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na ukumbi. Ni kiwanja cha urithi alichotuachia marehemu baba hapa Mkoani, upande unaoteremka kuelekea bandarini, warithi ni mama na sisi watoto watatu, na kila mtu anataka apate pa kukaa bila ya kuuza hata hatua moja. Yani nyumba nne kwenye kipande kimoja, na kipande chenyewe ni mlima.

Aliyewahi kushuka boti Mkoani anaelewa nnachosema, maana ukitoka bandarini tu ushaanza kupanda. Ndugu zetu wa Unguja wakisikia kiwanja wanafikiria pahala pa sawa, Pemba ndo vilima na mabonde, juu mikarafuu chini mpunga, na viwanja vingi vilivobaki karibu na mji ni hivi hivi vya mteremko ambavyo wazee waliviwachia minazi na miembe. Chetu kutoka barabarani juu hadi mpaka wa chini ni kama mita 36 ukipima kwa usawa, na ndani ya hizo mita 36 ardhi inashuka mita 12. Kila ukienda hatua tatu mbele umeshuka moja chini.

Kabla ya hawa alikuja fundi mwengine tuliyeletewa na jamaa, akaangalia kidogo akasema hii kazi ndogo, leteni katapila likate juu, udongo limwage chini, mpate uwanja mmoja wa sawa na nyumba nne mnazipanga mstari mmoja. Bei yake kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana na mdogo wangu wa kiume alishaanza kutafuta katapila. Hawa wa Chake siku ya mwanzo tu walilikataa wazo lile, na walilikataa kwa kueleza, hawakujidai. Wakasema ukikata juu ukamwaga chini nyumba itakaa nusu kwenye ardhi ya asili na nusu kwenye kifusi, ile ya asili imeshakaa miaka na miaka imejikandamiza kwa uzito wake wenyewe, kifusi kina nafasi ndani yake, masika ikiingia maji yanapenya na kifusi kinashuka, basi nusu ya nyumba inateremka na nusu inabaki. Ndo zile nyufa za mshazari zinazoanza kwenye kona ya dirisha zinapanda hadi kwenye lenta, mtu anapiga plasta anapaka rangi na mwaka unaofuata ufa uko palepale. Nimeziona nyumba za hivo nyingi na nlikuwa nadhani ni saruji mbovu.

Na kuna ule udongo unaobaki umesimama wima upande wa juu baada ya kukata. Injinia wao, kijana mdogo tu mashaallah, alituchorea juu ya kipande cha boksi akatwambia ukuta wa kuzuia udongo ukiurefusha mara mbili, msukumo wa udongo hauwi mara mbili, unakuwa mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta kwenye kitako chake inafika mara nane. Halafu mita moja ya ujazo ya udongo uliorowa inakaribia tani 2. Sasa fikiria ukuta mmoja wa mita tano nyuma ya vyumba vya watoto usiku wa mvua ya masika, mimi nlisisimka pale pale, na mdogo wangu hajalitaja tena katapila.

Walichopendekeza wao ni kuufuata mlima ulivyo. Kuta fupi fupi za mita 1.2 hadi 1.5, kila moja na kidaraja chake cha ardhi, yani kama ngazi pana ya udongo, nyumba zimekaa kwenye vidaraja hivo na misingi imechimbwa kwa ngazi, kila kipande cha msingi kimelala sawa kwenye ardhi ya asili na hakuna hata tofali moja lililokaa juu ya kifusi. Kifusi kipo lakini kimetumika kwenye viwanja vya nje na bustani, pale ambapo hata kikishuka kidogo hapana litakalopasuka.

Lakini nirudi nyuma, maana kinachonifanya niwasifu hawa watu khasa ni walivyoanza. Hawakuuliza mnataka vyumba vingapi. Walikuja kwanza kuijua ardhi. Walileta mashine yao ya kupimia ya miguu mitatu, wakapima, kisha wakahakiki kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi wetu wote wanautumia. Mmoja alisimama juu kwenye mwembe kaushikilia mwisho mmoja kifuani kaziba kwa kidole gumba, mwengine kateremka na mwisho wa pili hadi kwenye mambo (vigingi) za chini, wakasubiri mapovu yatoke yote, ndo wakaachia vidole pamoja na maji yakacheza juu chini juu chini mpaka yakatulia, wakatia alama ya kalamu nyekundu kwenye mambo. Maji ya huku na maji ya kule usawa mmoja, hapana ubishi. Mambo kwa mambo hivo hivo kiwanja kizima, na kutokana na hapo wakatutolea ramani ya mistari ya kontua, yani kila mstari unapita pahala pa usawa mmoja, na kutoka mstari hadi mstari ni nusu mita ya kupanda. Mama hajui kusoma ramani lakini alipoelezwa kwamba mistari ikibanana ni pakali na ikiachana ni patulivu, aliweka kidole moja kwa moja pale alipokuwa akianikia karafuu zamani akasema hapa. Na kweli mistari ilikuwa imeachana pale.

Jambo la pili, walitaka kurudi mvua ikinyesha. Nlidhani wanatania. Wakaja masika, mabuti miguuni na mwamvuli mmoja wa watu watatu, wakawa wanayafuata maji na kijiti mkononi, yanaingilia wapi, yanapitia wapi, yanatokea wapi. Wakagundua kitu ambacho sisi tuliokulia pale hatukuwahi kukitia maanani: maji mengi hayakuwa ya kiwanja chetu kabisa, yalikuwa ya barabarani, yanaingilia kona ya juu kwenye kijia cha mbuzi na yanakata katikati ya kiwanja mpaka chini kwa jirani. Pahala pale pale ambapo yule fundi wa katapila alitaka kuweka nyumba ya pili.

Wakatupigia hesabu ambayo mpaka leo naisimulia. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 1 tu linatoa lita 100. Mvua moja nzito ya milimita 50, ambayo hapa Pemba si ya ajabu maana kwetu inanyesha zaidi kuliko Unguja, ni lita 5,000 kwa paa moja. Mapaa manne lita 20,000, na hapo hujatia barabara, hujatia ngazi za zege wala vibaraza. Ardhi yenye majani na mizizi inakunywa sehemu ya maji, ukishaijenga hainywi tena, na yote lazima yashuke kwa mtu. Kwa hivo mtaro ulichorwa kabla ya nyumba, wallahi ramani ya mwanzo waliyotuletea ilikuwa na mitaro na ngazi tu, nyumba hakuna, kaka yangu mkubwa akauliza ndo tumelipia hii? Ndo tuliyolipia, na ndo iliyokuwa na thamani kuliko zote.

Mtaro mkuu unaanzia ile kona ya juu, unayapokea maji ya barabara kabla hayajaingia, unashuka pembezoni mwa kiwanja kwa vidaraja ili maji yasipate kasi ya kula udongo, kila kidaraja kina kishimo cha mawe ambapo maji yanaanguka yanapungua nguvu. Nyuma ya kila ukuta wa kuzuia kuna kokoto tangu chini hadi karibu na juu, na matundu ya mabomba ukutani yanayotoa maji nje. Walisisitiza sana hayo matundu. Kuta nyingi zinazoanguka ni maji yaliyokosa pa kutokea nyuma yake, udongo peke yake ungehimilika, na mafundi wengi wanaziba yale matundu kwa plasta mana wanaona yanachafua ukuta. Sisi tulimkuta fundi wetu kashaziba matatu, ikabidi yatobolewe upya.

Sasa tuje kwenye kuishi pamoja, maana hapo ndo penye mazungumzo mengi. Kwenye pahala pa sawa ukitaka stara unajenga ukuta wa uwa basi. Kwenye mlima aliye juu anamuona aliye chini, ukuta wa mita mbili hausaidii kitu, mtu kasimama kwenye kibaraza chake anaangalia moja kwa moja uwani kwa shemeji yake anapofua. Mimi na wifi zangu tulilisema hili tangu kikao cha mwanzo na tulikuwa na wasiwasi watatuona tunaleta mambo ya kike. Walilichukua kwa uzito mkubwa. Waliziteleza nyumba kidogo kidogo kushoto na kulia ili kibaraza cha juu kisikae sawasawa na uwa wa chini, madirisha ya jikoni yakaangalia upande wa mlima, na kwenye ukingo wa kila kibaraza wakaweka sehemu ya kupandia maua yenye upana wa karibu mita moja, kwa hivo mtu akisimama hawezi kufika ukingoni, jicho lake linapita juu linaona bahari, uwa wa chini haliuoni. Walituletea mchoro wa kipande cha mlima uliokatwa ubavuni, mtu kachorwa kasimama na mstari unatoka jichoni mwake, tukafuata mstari nyumba kwa nyumba. Huu mchoro mtu yeyote anayejenga mlimani auombe. Ramani ya kutoka juu haionyeshi haya hata kidogo.

Nani akae juu nani akae chini ilikuwa kesi. Kaka mkubwa alitaka juu karibu na barabara kwa ajili ya gari. Injinia akapiga hesabu mbele yetu sote: nyumba ya chini kabisa sakafu yake iko mita 9 chini ya barabara. Kwa ngazi za sentimita 15 ni ngazi 60. Ukitaka njia ya mserego ya kupita kigari cha mgonjwa, mwinuko unaokubalika ni mita 1 kwa kila mita 12, maana yake mita 108 za njia bado hujaweka pa kupumzikia, na kiwanja kina urefu wa mita 36. Haiwezekani. Mama akasikiliza yote halafu akasema, mwanangu mimi magoti yangu haya ngazi siziwezi. Kesi ikaisha, nyumba ya juu ni ya mama, imeingia sawa na barabara bila ya ngazi hata moja, choo na bafu ndani, na kaka kapata ya pili na gari anaegesha mbele ya mama. Wala hakuna aliyenuna.

Kuhusu ngazi zenyewe nataka nikae hapa kidogo. Njia ya ngazi ya pamoja ni mita 1.5 upana, na kila baada ya ngazi kumi kuna pahala pa kupumzikia. Tulilalamika kwamba ni kubwa inakula ardhi. Yule mzee wao mchora ramani, mtu mzima kapita umri, akatuuliza taratibu: Mungu akipenda siku ikifika, jeneza litapita vipi? Tukanyamaza sote. Jeneza linabebwa na watu wawili wawili ubavuni na linahitaji pahala pa kugeukia, na kwa ngazi nyembamba zinazozunguka haliendi. Ndo maana vipumzikio vyetu vina upana wa kutosha kugeuza jeneza, na kwa hiyo hiyo linapita friji, linapita kabati la bibi harusi, na gunia la karafuu linapita begani bila ya mtu kuparuza ukuta. Sidhani kama ramani za kununua kwenye simu zinajua mambo haya.

Pale alipopataka mama, katikati, hapakujengwa kitu. Ni uwanja wa pamoja wa sakafu ya zege, una mwinuko mdogo sana wa kutolea maji, jua linaupata kuanzia asubuhi kubwa hadi magharibi. Ni pa majamvi ya karafuu msimu ukifika, na pa maulidi na harusi siku nyengine. Walitaka kuukata uwanja ule upunguze gharama, sisi tukakataa, na nashukuru hawakutulazimisha.

Walituonyesha na picha za nje. Kuna Halen, karibu na mji wa Bern huko Uswisi, iliyochorwa na Atelier 5 na kumalizika mwaka 1961, nyumba karibu 80 zimepangwa kwenye mteremko katikati ya msitu, gari zinabaki pembeni, kila nyumba ina uwa wake wenye stara na kuna uwanja na vitu vya pamoja vinavyomilikiwa na wote. Na ile ya Rokko huko Kobe, Japani, ya Tadao Ando, sehemu ya mwanzo ilimalizika 1983, mteremko wake digrii 60! Wetu ni kama digrii 18 na tunalalamika. Kule paa la nyumba ya chini linakuwa kibaraza cha nyumba ya juu, na mdogo wangu akaipenda sana hiyo. Hapo nawapa heko, wangeweza kumuuzia wazo wakachukua pesa. Walimwambia paa la zege la sawa kwa mvua za Pemba ni kazi ya kulitunza kila mwaka, likivuja anayerowa ni wa chini na anayetakiwa kulitengeneza ni wa juu, na ndugu wataacha kusalimiana kwa ajili ya ufa mmoja. Kwa hivo kila nyumba ina paa lake la bati la mteremko lenye mapindo marefu, wazo la vibaraza wamelibakisha kwenye ardhi.

Na hapa ndo kwenye lile ambalo mimi naona ni la maana kuliko michoro yote. Mlimani ukuta ulio kwenye sehemu ya wa chini ndo unaoishikilia nyumba ya wa juu, na maji ya wa juu ndo yanayopita kwa wa chini. Huwezi kugawa kiwanja kwa mistari minne ukasema kila mtu ajijue. Mdogo wangu wa nyumba ya tatu akiamua kubomoa ukuta wake atengeneze banda la vespa, nyumba ya kaka inakwenda na maji. Wao walituchorea karatasi ya peke yake, kuta zote za kuzuia, mtaro, ngazi, uwanja, tangi na karo la maji machafu zimepakwa rangi moja zikaandikwa "vya wote", na wakatwambia hatukabidhi ramani mpaka mkubaliane nani anasafisha mtaro kabla ya masika na pesa zinatoka wapi. Tuliandika, tukatia saini mbele ya sheha na mashahidi. Zanzibar tangu mwaka 2010 kuna sheria ya kondominiamu inayozungumzia watu kumiliki sehemu zao na vitu vya pamoja kuwa vya wote, na walitushauri tumuone mwanasheria siku tukitaka kila mmoja awe na hati yake. Nlipokuwa mdogo nlikaa kwa shangazi kwenye majumba ya Michenzani nikisoma skuli, taa ya ngazini ikiungua ilikuwa inakaa hivo hivo maana kila mtu anasubiri mwenzake anunue. Pale ni taa tu. Mlimani ni ukuta.

Maji ya matumizi kwa ufupi: tangi liko juu karibu na barabara limeinuliwa mita 3, kila mita 10 za kushuka ni baa 1 ya presha, kwa hivo nyumba ya chini inapata maji ya nguvu na ya mama yanatoka taratibu, ikabidi bafu la mama liwekewe bomba pana zaidi. Karo liko chini kabisa ya kiwanja. Walikwenda kumuuliza jirani wa chini kama ana kisima, akasema anacho, wakapima, wakalisogeza karo liwe zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, na walichimba shimo wakalijaza maji kuona udongo unakunywa kwa kasi gani kabla ya kuamua ukubwa. Jirani alifurahi kuulizwa, mpaka leo anatuletea mafenesi.

Sasa ile nyota nliyoikata. Kwanza bei ya kuta ilikuja mwisho. Tulikaa miezi tunaona michoro mizuri ya nyumba, tunachagua na vigae, halafu makadirio yalipotoka kuta, mitaro na ngazi peke yake zilikuwa karibu thuluthi ya pesa zote. Thuluthi! Kabla ya chumba hata kimoja. Hawakutudanganya, lakini walijua tangu mwanzo kwamba mlima una gharama hiyo na walitakiwa watwambie mapema hata kwa kukisia, maana wifi yangu alishatoa pesa za mbao ambazo zilikuwa zisubiri. Nliwaambia ana kwa ana na walikubali ni kosa lao. Sijui kama wamebadilisha utaratibu, nyie mtakaokwenda anzeni na swali hilo.

La pili, michoro ya mwanzo maandishi yote yalikuwa Kiingereza. Fundi wetu ni mjuzi sana lakini Kiingereza hakijui, akawa anakisia, ndo hata yale matundu ya ukutani akayaziba. Tulipowambia wakaandika upya kwa Kiswahili na mafundi wakafanya kazi kwa raha, lakini hili lisingengoja mteja aseme. Mafundi wa Pemba ndo wanaojenga, karatasi iwe ya kwao.

La tatu dogo, kiwanja chetu kinaangalia magharibi, na vyumba vya mbele vya nyumba ya tatu jioni vinakuwa moto. Mandhari ya bahari yaliwalevya kidogo, madirisha ni makubwa mno. Tumeongeza mapindo ya paa na tunapanda michikichi, itapungua inshaallah. Na wakichelewa wanachelewa kweli, ahadi ya wiki mbili inaweza kuwa mwezi, ingawa ujumbe wa WhatsApp wanajibu.

Kilichonifanya nisikate nyota ya pili ni masika iliyopita. Nyumba ya mama na ya kaka zimekamilika, ya tatu imepauliwa, yangu ya nne iko kwenye msingi. Ikaja mvua ya usiku kucha, asubuhi tukakuta kuta zote zimesimama na matundu yanatiririsha maji safi, lakini pale mtaro unapopita chini ya ngazi palikuwa padogo, majani ya mwembe yakaziba na maji yakapanda juu ya ngazi yakala udongo wa bustani. Nikawapigia simu. Wakaja wenyewe, hawakutuma kijana, wakapapima, wakapachora upya kwa upana wa karibu mara mbili na wavu wa kuzuia majani unaotoka kwa mkono, na hawakuchukua hata senti ya ramani. Gharama ya ujenzi tulilipa sisi, sawa, lakini mtu aliyeshalipwa pesa zake zote kurudi na mabuti kwenye matope ya mtu, hiyo naiheshimu sana.

Kwa hivo ukiwa na kiwanja cha sawa na unataka nyumba moja ya vyumba vitatu, hawa ni ghali kwako, nenda kwa mchora ramani yeyote mzuri wa mtaani. Ukiwa na mlima, na khasa ukiwa na mlima na ndugu, nenda kwao. Waombe mambo haya kabla hujatoa pesa ya pili: ramani ya kontua, mchoro wa ubavuni wenye mistari ya macho, karatasi ya vitu vya wote, na makadirio ya kuta na mitaro peke yake. Kupima ardhi wanalipisha mbali na ramani, na kila wakija saiti wakati wa ujenzi ni malipo yake, muulizane mapema muandikiane. Na waliouliza kama wanafika Wete na Micheweni, ndio wanafika, ila nauli na chakula cha mchana ni juu yako.